Nyumba si Kiwanja

Mhadhara kwa waandishi wa programu, Mji wa Kale, Mombasa

Nimeombwa nizungumze juu ya modeli zinazogombana: urithi wa klasi unaoleta majibu ya ajabu, na uhusiano wa majedwali unaofuta kisichofaa kufutwa. Vitabu vinavyofundisha jambo hili vimejaa mbwa anayerithi kutoka kwa mnyama na gari linalorithi kutoka kwa chombo. Mbwa huyo sidhani kama amewahi kumkosesha mtu usingizi. Sisi tuna kitu kigumu kuliko mbwa, nacho kipo hapa hapa mlangoni: nyumba za Mombasa.

Tuseme tumepewa kazi ya kuandika daftari la majengo ya kisiwa hiki. Kila jengo liandikwe lilipo, limesimama juu ya kiwanja gani, ni la nani, linatumika kwa kazi gani, na nani anadaiwa kodi. Tutatumia Django, kiunzi cha wavuti cha watu wa Python. Kilizaliwa katika chumba cha habari cha gazeti, mjini Lawrence huko Kansas, kikatolewa kwa umma mwaka 2005. Nalitaja gazeti kwa sababu. Makala ina kichwa, mwandishi na tarehe, na mambo hayo hukaa kwa utulivu ndani ya majedwali. Makala haina kiwanja cha mtu mwingine chini yake.

Leo nikisema urithi, nina maana ya klasi kurithi klasi. Ule wa watu nitauita mirathi, nao utaingia baadaye.

Mwandishi asiyeijua Pwani ataanza hivi. Ataandika klasi Kiwanja, yenye namba, eneo na mmiliki. Kisha ataandika klasi Nyumba inayorithi Kiwanja, aongeze idadi ya vyumba na mwaka wa kujengwa. Hajafanya upuuzi. Amefuata kanuni ya sheria ya Kiingereza, kwamba kilichoshikamana na ardhi huhesabiwa kuwa sehemu ya ardhi, na anayenunua kiwanja amenunua na kilichosimama juu yake. Kwa kanuni hiyo nyumba ni kiwanja kilichoongezewa kuta na paa, na urithi unakaa vizuri.

Mombasa haikukaa hivyo. Kwa sheria ya Kiislamu na kwa desturi ya Pwani, jengo laweza kuwa na mwenyewe, na ardhi iliyo chini yake ikawa na mwenyewe mwingine. Wenye ardhi waliwaruhusu watu wajenge. Mjenzi akawa mwenye nyumba na papo hapo akawa mlipaji wa kodi ya kiwanja. Mtaa wa Majengo umejaa nyumba za Kiswahili zilizosimama kwa mpango huo, na Richard Stren, katika kitabu chake cha mwaka 1978 juu ya makazi ya wanyonge wa Mombasa, aliushughulikia kwa undani. Serikali ya Mwingereza ilipoleta sheria ya hati za ardhi ya Pwani mwaka 1908, madai ya ardhi yalisikilizwa na kuandikwa, lakini nyumba bila ardhi ziliendelea kuuzwa na kugawanywa kwa mirathi zenyewe. Hata leo, mtu wa hapa akisema anauza nyumba, atajibiwa kwa swali: na kiwanja chake, au nyumba tupu?

Sasa tuangalie kiunzi kinafanya nini na kazi ya mwandishi wetu. Urithi wa kawaida wa Django huunda majedwali mawili. Jedwali la nyumba halina namba wala eneo. Lina safu iitwayo kiwanja_ptr_id, ambayo ni ufunguo mkuu wake na wakati huohuo ni ufunguo wa nje unaoelekea jedwali la kiwanja. Yaani nyumba moja kwa kiwanja kimoja, basi. Mwandishi anatambua kwamba nyumba ina mwenyewe mwingine, anaongeza ndani ya Nyumba safu iitwayo mmiliki. Programu inakataa kuwaka. Ujumbe unasema safu mmiliki ya klasi Nyumba inagongana na safu ya jina hilo iliyotoka kwa klasi mama, Kiwanja.

Hapa naomba twende polepole, maana hapa ndipo mambo huharibikia. Mwandishi mwenye haraka anauona ujumbe ule kuwa ugomvi wa majina tu. Anabadilisha jina, anaita mmiliki_wa_nyumba, programu inawaka, anakwenda zake kunywa kahawa. Lakini kiunzi kilikuwa kimegusa penyewe: vitu viwili vyenye wamiliki wawili vimetiwa katika ukoo mmoja. Tangu saa ile, mwenzake wa kitengo cha kodi akiandika nyumba.mmiliki, anapewa mwenye kiwanja. Hakuna onyo, hakuna maandishi mekundu. Hati ya kudai kodi ya kiwanja inapelekwa kwa yuleyule anayepaswa kuipokea kodi hiyo. Hitilafu ya namna hii haipatikani kwa kusoma kumbukumbu za seva, kwa kuwa seva haikulalamika. Inapatikana kwa kumshika mtu mmoja anayejulikana na kufuata jina lake mpaka ndani ya jedwali.

Na bado. Kiwanja chenye nyumba nane juu yake hakina budi kuandikwa mara nane, kwa kuwa kila nyumba inakuja na kiwanja chake tumboni. Jumlisheni eneo la viwanja vya mtaa huo, ekari moja itakuwa nane. Wekeni sharti kwamba namba ya kiwanja isirudiwe, na nyumba ya pili itakataliwa kuandikwa. Nimesikia watu wakililaumu sharti katika hali kama hiyo na kuliondoa. Sharti ndilo lililosema kweli.

Swali la kujiuliza kabla ya kuandika urithi ni la maisha ya vitu. Je, kimoja chaweza kuuzwa, kufa au kuongezeka na kingine kikabaki? Nyumba ikibomoka, kiwanja kipo. Kiwanja kikiuzwa, nyumba ipo. Kwa hiyo nyumba ina kiwanja, kwa ufunguo wa nje, na kila kimoja kina mmiliki wake. Mistari miwili ya programu inaondoa hitilafu zote nilizozitaja, na hakuna jina lililohitaji kupindwa.

Kwa nini kosa hili ni rahisi hivi kulifanya? Kwa sababu kiunzi kimefungisha ndoa vitu viwili visivyo na ujamaa. Urithi wa klasi umetoka Norway, katika lugha ya Simula 67 ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliotaka kuiga mwenendo wa mambo ndani ya kompyuta. Majedwali yenye funguo yametoka kwa Edgar Codd wa IBM, katika makala yake ya mwaka 1970, na Codd hakuwa na klasi yoyote akilini. Django inavilaza pamoja na kutuonyesha upande mmoja tu, ule wa klasi, ambao ni mzuri wa kutazama. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ya kutafuta hitilafu ni kuuacha upande huo. Chapisheni SQL inayopelekwa, Django itawapa mkiandika str(queryset.query). Fungueni jedwali lenyewe, msome safu zake. Nusu ya mabishano juu ya modeli huisha hapo.

Sasa nije kwa wakfu, ambayo naiona ndiyo hatari kuliko zote. Mji wa Kale una mali ya wakfu, na Tume ya Wakfu ya Kenya ina makao yake hapa Mombasa. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi, haiingii katika mirathi. Mwandishi wetu anasema: vyema, nitaandika klasi NyumbaYaWakfu inayorithi Nyumba, na mbinu ya uza() iliyo katika Nyumba nitaiandika upya ili ikatae. Inapendeza kusomwa. Mwenye kusoma vitabu atampinga kwa hoja ya Barbara Liskov, aliyeieleza katika hotuba yake ya mwaka 1987: mtoto afae kuwekwa popote mzazi anapotazamiwa. Nyumba isiyouzika haifai popote panapotazamiwa nyumba ya kuuzika. Hoja hiyo ni sahihi, lakini ndani ya Django kuna balaa la karibu zaidi.

Mkiiambia hifadhidata ilete nyumba zote, kwa Nyumba.objects.all(), Django inawaletea vitu vya klasi Nyumba. Kila kimoja. Hata ile nyumba ya wakfu inakuja ikiwa imevaa klasi ya mzazi, na haijui kwamba ina mtoto kwenye jedwali jingine. Ukiita uza(), inaitwa uza() ya mzazi, nayo inauza. Kizuizi kimeandikwa, kimejaribiwa, kimepita majaribio kwa sababu majaribio yalianza na NyumbaYaWakfu yenyewe. Lakini katika ukurasa halisi, unaoorodhesha nyumba zote, hakiitwi kamwe. Wanaotoka Ruby on Rails hushangaa hapa, kwa sababu Rails huweka ukoo mzima katika jedwali moja lenye safu ya type, na kila mstari hurudi na klasi yake. Desturi za viunzi hivi viwili hazifanani, na mtu anayehama na mazoea yake yote atauza wakfu.

Dawa ni kuliondoa jambo hili kwenye nyumba. Nyumba ya wakfu ina kuta zilezile na vyumba vilevile. Kilicho tofauti ni nani ameishika na kwa masharti gani, na hayo yakae katika jedwali la Umiliki, ambamo kila uhamisho lazima upite. Katazo liwekwe mahali uhamisho unapoandikwa, mara moja tu.

Kuna tofauti nyingine inayoonekana kama aina ya kitu, kumbe ni kipindi katika maisha yake. Tokeni nje mtazame Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 iwe ngome. Kuanzia mwaka 1895 mpaka 1958 ilikuwa gereza. Mwaka 1960 ikafunguliwa kama makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mngeiweka katika klasi gani? Aliyeandika Ngome, Gereza na Makumbusho kama watoto watatu wa Jengo atalazimika kuhamisha mstari kutoka jedwali la mtoto mmoja kwenda la mwingine. Django haina njia nyepesi ya kufanya hivyo: unaunda mtoto mpya kwa ufunguo uleule wa mzazi, halafu unamfuta mtoto wa zamani kwa kutaja keep_parents=True. Ukilisahau neno hilo, mzazi anafutwa pamoja naye, na Ngome ya Yesu inatoweka kwenye daftari. Hata ukilikumbuka, miaka 63 ya gereza imepotea, kwa sababu jedwali la Gereza halina tena mstari. Andikeni Matumizi kuwa modeli ya peke yake: jengo, kazi, mwanzo, mwisho. Jengo la mahakama ya zamani, lililojengwa mwaka 1902 hapo jirani, litaingia katika modeli hiyohiyo bila klasi mpya, na kadhalika nyumba yoyote ya Ndia Kuu iliyogeuzwa duka chini na makazi juu kwa wakati mmoja.

Sasa mirathi. Uhusiano wa wengi kwa wengi, ule wa kawaida, unaweza kusema kwamba watu wanne wana nyumba moja. Hausemi kila mmoja ana kiasi gani. Mume amefariki, ameacha mke na wana watatu wa kiume. Mke ana thumuni, na saba ya nane iliyobaki inagawanywa kwa watatu sawasawa. Kwa asili ya 24, yaani nyumba ikihesabiwa kuwa sehemu 24, mke ana 3 na kila mwana ana 7. Mwandishi aliyeweka fungu kwa desimali za nafasi nne ataandika 0.1250 mara moja na 0.2917 mara tatu. Jumla ni 1.0001, nyumba imezidi yenyewe, na sharti la kuzuia jumla isipite moja linaikataa hukumu iliyo sahihi. Wekeni kiasi na asili katika safu mbili za namba nzima.

Subirini, hayajaisha. Kabla nyumba haijagawanywa, mwana mmoja naye anafariki, ameacha mke, mtoto wa kiume na yule mama yake. Mama wa marehemu ana sudusi, mkewe ana thumuni, mtoto anachukua kilichobaki. Zile 7 za 24 zinagawanywa tena, na asili ya nyumba nzima inakuwa 576. Kaka wawili waliobaki wana 168 kila mmoja, mjane kijana ana 21, mjukuu ana 119. Na mama? Ana 72 zilizotoka kwa mumewe na 28 zilizotoka kwa mwanawe. Mtu mmoja, nyumba moja, mafungu mawili yaliyotoka kwa marehemu wawili tofauti. Aliyeweka sharti kwamba mtu asionekane mara mbili katika nyumba moja, na wengi huliweka wakidhani ni usafi, atagongwa na IntegrityError siku ya pili ya msiba. Akijumlisha 72 na 28 ili kulikwepa, amefuta njia ambayo mali ilipita, na njia hiyo ndiyo itakayoulizwa ikizuka kesi. Nyumba kubwa za Mji wa Kale ambazo mirathi yake haikugawanywa kwa vizazi si hadithi ya darasani. Nawaomba pia msiiachie programu kuamua mafungu. Hiyo ni kazi ya Mahakama ya Kadhi, iliyo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Programu iandike kilichoamuliwa, na itaje kesi.

Kwa kuwa njia ya mali ni muhimu, Umiliki utakuwa na funguo mbili zinazoelekea jedwali moja: aliyepata, na aliyetoka kwake. Hapo Django italeta kosa la fields.E304, kwamba majina ya kurudi nyuma yanagongana. Hili, tofauti na lile la mwanzo, kweli ni ugomvi wa majina. Mpe kila mmoja related_name yake, umemaliza. Ndani ya klasi dhahania jina hilo litarudiwa kwa kila mtoto, kwa hiyo tieni '%(class)s' ndani yake.

Juu ya kufuta nitasema kwa ukali kidogo. Tangu Django 2.0, ya Desemba 2017, kila ufunguo wa nje lazima useme kitakachotokea anayeelekewa akifutwa, na watu huandika CASCADE kwa sababu mifano huandika CASCADE. Kiwanja kikigawanywa kuwa viwili, karani hufunga namba ya zamani na kufungua mbili mpya. Akibonyeza kufuta, nyumba nane zinakwenda, na mafungu ya 576 nyuma yake. Tena Django kwa kawaida hufanya ufutaji huo yenyewe, kwa Python, wala haiagizi hifadhidata. Kwa hiyo msimamizi anayejaribu kufuta kiwanja kilekile kwa SQL ya mkono anakataliwa, huku kitufe cha ukurasani kikifuta kila kitu. Watu wawili wanaapa kuwa wamejaribu jambo moja, na wote wawili wanasema kweli. Katika daftari la mali, PROTECT, inayokataa kufuta, iwe desturi, na CASCADE iombewe ruhusa.

Wepesi wa kurasa nautaja kwa ufupi tu. Orodha ya nyumba 100 inayoonyesha kiwanja cha kila moja itauliza hifadhidata mara 101 msipotumia select_related. Kwa mafungu ya umiliki, yanayorudi nyuma, tumieni prefetch_related.

Nitaulizwa: basi urithi hauna kazi katika daftari hili? Unayo, mahali pamoja. Mwenye nyumba aweza kuwa mtu, wakfu, kampuni au serikali. Django ina ufunguo wa jumla unaoweza kuelekea jedwali lolote, lakini hifadhidata haiwezi kuulinda. Ukifuta kampuni, umiliki wake unaweza kubaki ukielekea pasipo na kitu. Hapa ningeandika klasi mama Mwenyehaki, na Mtu, Wakfu, Kampuni na Serikali wairithi. Mtu hageuki kuwa wakfu, hata kwa muda. Kila linaloulizwa kwa Mwenyehaki, yaani jina na anwani ya barua, linajibika kwa wote wanne. Na Umiliki unapata ufunguo wa nje wa kweli. Mkumbuke tu kwamba kumfuta Mtu kunamfuta na Mwenyehaki wake, kwa hiyo PROTECT ya Umiliki ndiyo itakayomzuia karani anayetaka kumwondoa marehemu. Marehemu hafutwi, ana safu ya tarehe ya kufariki.

La mwisho ni kwa wale ambao tayari wana Nyumba inayorithi Kiwanja, na data imeshaingia. Msibadilishe klasi moja kwa moja mkategemea makemigrations ielewe nia yenu. Undeni modeli mpya ya Nyumba yenye ufunguo wa nje, chini ya jina la muda. Nakilini mistari kwa faili la maigresheni linaloweza kurudishwa nyuma. Viwanja vilivyorudiwa viunganisheni kwa namba ya hati, wala si kwa jina la mmiliki, maana majina ya hapa yanafanana sana. Hesabuni nyumba kabla na baada. Idadi ya nyumba isibadilike, ya viwanja ipungue. Kisha chukueni nyumba kadhaa ambazo wenyewe mnawajua, mlinganishe mmiliki mmoja mmoja kwa hati zao za karatasi. Jedwali la zamani liacheni mpaka kodi ya mwezi mzima iwe imedaiwa kwa watu wanaostahili kudaiwa.